Ofisi ya Jumatano

Jumatatu, 10 Machi

Leo asubuhi wamekuja wanaume wawili na kamba ya kupimia. Nilikuwa nyuma ya nyumba nikichagua viazi vya mbegu. Mmoja akaniuliza kama mimi ni kibarua wa hapa. Nikamwambia mimi ndiye mwenye shamba. Wakatazamana. Kisha yule mrefu akasema wametumwa na Bwana Kaburu, kwamba mirathi iko kortini na inakaribia kuisha, na wao wanataka tu kuona mipaka.

Kaburu ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, Mutwiri. Shamba hili la Kibirichia lina jina la baba yao hadi leo. Mzee aliligawanya kwa kutembea, fimbo mkononi: upande wa mto wa Kaburu, upande wa barabara wa Mutwiri, katikati nyumba ya Mama. Mzee akafa, na miaka minne iliyopita Mutwiri naye akafa. Mimi nimelima upande wa barabara tangu nilipoolewa, miaka ishirini na sita. Habari ya kesi sijawahi kuisikia.

Naandika katika daftari lililobaki nilipoacha kufundisha chekechea, ili nikiulizwa tarehe nisibabaike.

Jumanne, 11 Machi

Nimemwuliza Mama, yaani mama mkwe wangu, Mukami. Tunapika katika sufuria moja tangu Mutwiri afe. Amesema hajui habari ya korti. Alikuwa anamenya kiazi, akaendelea kukimenya mpaka kikabaki kama ukucha.

Jumamosi, 15 Machi

Wingu zito upande wa mlima, lakini mvua hakuna. Nimefungua mifereji ya kupandia viazi.

Jumatano, 19 Machi

Igoki, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, aliniambia kuna watu wa sheria wanaokaa katika chumba cha nyuma ya kanisa kila Jumatano, na hawalipwi na wanaokwenda. Hilo peke yake lilinifanya nisite. Mwaka juzi walikuja vijana waliovaa fulana safi wakaandika namba za vitambulisho vyetu kwa ajili ya mbolea ya bure. Mbolea haikuja, na namba zetu sijui ziko wapi.

Nilikwenda hata hivyo. Nilimkuta msichana anayeitwa Rwamba, mtu wa Embu, ana meza moja, faili nyingi na chupa ya chai. Si wakili. Amefunzwa kusaidia watu kuandaa mambo yao, halafu wakili aitwaye Murungi, aliyeko Meru mjini, anayachukua mbele ya hakimu. Alinimiminia chai kabla sijakaa vizuri. Anauliza maswali mengi: nilizaa watoto wangapi, Mutwiri alizikwa wapi, nani aliyekuwapo. Kisha akauliza kama tulifunga ndoa kanisani. Nikasema hapana, tulioana kwa mila. Akauliza kama kuna karatasi yoyote iliyoandikwa siku ya mahari.

Nikasema hakuna.

Ipo. Iko ghalani, ndani ya kopo la maziwa ya unga, chini ya magunia. Imeandikwa kila kilichopelekwa kwa baba yangu, na chini kuna sahihi ya katibu wa siku hiyo, ambaye ni Kaburu mwenyewe. Lakini msichana ambaye sijamjua hata saa moja, anayefanya kazi bure, swali lake la tano linakuwa juu ya kitu pekee nilicho nacho. Sikumpa.

Jioni nilimsimulia Mama yote. Tulicheka kidogo jinsi nilivyomdanganya yule msichana.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua imeanza. Tumepanda mifereji kumi na miwili.

Jumatano, 2 Aprili

Rwamba alikwenda Meru akaleta kopi ya faili ya korti. Aliisukuma upande wangu wa meza akaniachia niisome mwenyewe. Warithi wa Mzee wameandikwa wawili: Kaburu, na Mama. Jina la Mutwiri lipo, na mbele yake kuna maneno haya: alifariki bila mke wala mtoto.

Niliyasoma mara tatu. Karambu, mtoto wangu, ana miaka ishirini na minne. Anafanya kazi katika shamba la maua kule Timau, na uso wake ni wa Mutwiri mtupu.

Ukurasa wa mwisho una alama ya dole gumba, na jina la Mama pembeni, kwamba amekubali. Nikasema Kaburu amemwekea alama ya mtu mwingine. Rwamba akasema inawezekana, na inawezekana pia si hivyo. Sikupenda alivyosema. Alieleza kwamba korti bado haijathibitisha mgao, kwa hiyo tunaweza kupeleka pingamizi na kiapo changu. Nikauliza Bwana Murungi analipwa na nani. Akasema kuna shirika linalotoa nauli na karatasi, na wakili anajitolea siku kadhaa kwa mwezi. Nikauliza anajitolea kwa nini. Rwamba akacheka akasema hilo nimwulize mwenyewe.

Jumatano, 9 Aprili

Sikutia sahihi kile kiapo papo hapo. Nilikileta nyumbani wiki iliyopita, nikakisoma kwa rula, mstari kwa mstari, nikitafuta mahali wameniuza. Nilikuta kosa moja tu: wameandika Timau kuwa ndipo nilipozaliwa. Leo Rwamba amelisahihisha bila neno, nami nikatia sahihi. Amesema tunahitaji shahidi aliyekuwapo siku ya mahari. Nikamtaja Igoki.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua usiku na mchana. Nilimwambia Mama kwamba Igoki atanitolea ushahidi.

Jumatatu, 14 Aprili

Igoki hakumbuki. Nimekwenda kwake akanitolea kiti, akaongea habari ya kuku, na nilipotaja mahari akasema ana umri sasa, mambo ya zamani yamechanganyika. Juu ya meza palikuwa na furushi la sukari na majani ya chai. Mtoto wake alisema Kaburu alipita hapo jana baada ya kanisa.

Jina la Igoki nililitaja ofisini Jumatano. Jumapili Kaburu yuko mlangoni kwake. Nani amemwambia?

Jumatano, 23 Aprili

Sasa najua, au karibu najua. Nilikwenda sokoni kununua dawa ya viazi. Mbele ya duka la dawa nikamwona Rwamba na Kaburu wamesimama pamoja. Rwamba alimpa karatasi. Kaburu akaikunja akaiweka mfukoni, wakapeana mikono. Nilirudi nyuma ya magunia ya kabichi mpaka walipoachana. Sikwenda ofisini. Dawa pia sikununua.

Jumatano, 30 Aprili

Sikwenda.

Jumatano, 7 Mei

Sikwenda. Viazi vimefika magotini, kijani kizito. Mama anasema nimefanya vizuri kujitenga na wale watu.

Alhamisi, 8 Mei

Amekuja mwenyewe. Nilimwona akipanda njia na viatu vya mjini, matope mpaka kwenye kifundo. Alisema alikuwa na wasiwasi juu yangu na pia anahitaji picha za boma. Alipiga picha nyumba yangu, kaburi la Mutwiri, na mpaka wa miti ambao Mzee aliupanda. Alimsalimia Mama kwa Kiembu, Mama akamjibu kwa Kimeru, wakaelewana vizuri kuliko nilivyotaka.

Nilimwuliza moja kwa moja alikuwa na shughuli gani na Kaburu sokoni. Hakushtuka. Alisema alimpelekea barua ya kumwalika kwenye usuluhishi, kwa kuwa korti hupenda ndugu wajaribu kwanza. Kaburu aliipokea, akaahidi, hakuja. Nikauliza kwa nini sikuambiwa. Akasema ilikuwa ajenda ya Jumatano ambayo sikwenda.

Jibu lilikuwa na kila kitu mahali pake. Majibu ya namna hiyo yananitia shaka zaidi.

Mvua ikashuka ghafla, akakimbilia ghalani kujikinga. Alikaa humo peke yake kama nusu saa, mimi nikiwa jikoni.

Jumapili, 11 Mei

Kanisani. Kaburu aliketi safu ya mbele, akasoma somo.

Alhamisi, 15 Mei

Ugonjwa tunaouita baridi umechoma viazi. Asubuhi majani ya mifereji minne ya chini yalikuwa na madoa meusi, na chini ya jani ule unga mweupe. Nilikimbilia ghalani kuchukua bomba la kunyunyizia, na kwa kuwa nilikuwa humo, nikainua magunia kuangalia kopo.

Kopo lipo. Karatasi haimo.

Nilitoa kila gunia nje kwenye mvua. Nilipekua mbegu, majembe, nguo kuukuu za Mutwiri. Nilimwona Rwamba waziwazi machoni pangu, viatu vyake vimejaa matope, ameinama. Ndiyo maana aliuliza siku ya kwanza. Ndiyo maana alikuja siku ile.

Nilimwambia Mama karatasi imeibwa. Alikuwa anaota moto. Akasema watu wa Embu hatuwajui.

Nilikimbilia dukani kununua dawa, nikanyunyizia mpaka giza likaniingilia. Mifereji minne imekwenda.

Jumatano, 21 Mei

Nilikwenda ofisini nikiwa nimepanga maneno. Lakini nilipofika mlangoni niliona ugumu wangu: nitamshtaki vipi mtu kuiba karatasi niliyomwambia haipo? Akanimiminia chai. Sikuigusa.

Nikasema, "Kulikuwa na karatasi ya mahari. Kaburu aliitia sahihi."

Akaweka kalamu chini. "Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu uliiulizia."

Hakukasirika, na hata hilo liliniudhi. Akauliza ilikuwa wapi na nani alijua. Nikamwambia, ghalani, na wanaojua ni mimi na Mama. Akatazama dirisha kwa muda mrefu. Kisha akasema kwamba nikitaka, anaweza kumwomba mwenzake mwingine ashike faili yangu, na mimi sitalazimika kutoa sababu. Nikasema nitafikiria. Njiani niliwaza kwamba mtu asiye na hatia angejitetea.

Jumanne, 3 Juni

Mvua imepungua. Tumepalilia mara ya mwisho.

Jumapili, 8 Juni

Kaburu amemletea Mama blanketi jipya, zito, la rangi ya damu ya mzee. Mama hakulitandika. Amelikunja akaliweka juu ya kabati, na usiku analala na lile la zamani.

Jumatano, 18 Juni

Sikuomba mtu mwingine. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu huyo mwingine ningemshuku upya kuanzia mwanzo.

Rwamba ameniambia kesi ni tarehe tisa Julai, na hakimu ameagiza Mama aitwe, kwa ajili ya ile alama ya dole. Nilimkasirikia. Nikamwambia Mama ana miaka themanini na mbili, asisumbuliwe. Akasema, "Mama Karambu, yeye ni mjane wa mwenye shamba. Hakuna mtu aliyemwuliza neno tangu kesi ianze."

Nilirudi nikampa Mama wito. Aliushika juu chini. Usiku huo alisema hana njaa.

Jumatatu, 30 Juni

Baridi. Mama anakula kwake siku hizi. Anasema moshi wangu unamwumiza macho.

Jumatano, 9 Julai

Nitaandika yote hata kama mkono utauma.

Karambu alitoka Timau alfajiri tukakutana kortini Meru. Mama aliketi kati yetu. Kaburu alikuwa benchi la pili na wakili wake, suti ya kanisani. Bwana Murungi nilimwona kwa mara ya kwanza: mwanamume mfupi, kola imekatika, faili yangu imejaa karatasi za rangi alizobandika. Nilikuwa nimeapa kumwuliza kwa nini anajitolea. Sikumwuliza.

Mimi niliapa nikasimulia. Wakili wa Kaburu akauliza iko wapi hati ya ndoa. Sina. Iko wapi karatasi ya mahari. Nikasema imepotea. Akatabasamu kwa hakimu akasema mama huyu alipewa hifadhi na marehemu kwa huruma tu. Miaka ishirini na sita. Nilimsikia Karambu akivuta pumzi nyuma yangu.

Kisha Mama akaitwa. Alitembea polepole, karani akasimama karibu yake kutafsiri Kimeru, kwa hiyo kila neno nililisikia mara mbili. Hakimu, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, alimwonyesha ile karatasi akamwuliza kama dole ni lake. Mama akasema ni lake. Nilidhani nimesikia vibaya, karani akarudia: ni lake. Alisema Kaburu alimpeleka mjini, akamwambia ni ya zile pesa za wazee, naye akaweka kidole.

Bwana Murungi akasimama. Aliuliza swali moja tu: kama anamjua mke wa Mutwiri.

Mama akaninyooshea mkono. "Huyo ndiye aliyenizikia mwanangu. Mahari yake ilipopelekwa, unga wa uji niliusaga mimi. Iliandikwa. Kaburu aliandika."

Hakimu akauliza anajuaje kwamba iliandikwa, na kama ameiona hivi karibuni. Karani akarudia swali. Mama akashika ubao wa kizimba kwa mikono miwili.

"Nilimpa Kaburu," akasema. "Niliitoa ghalani mimi mwenyewe."

Hata karani alichelewa kutafsiri.

Akaendelea bila kuulizwa. Alisema Kaburu alikuja kila wiki kumwuliza mimi nimesema nini huko ofisini, naye akamwambia. Alimwambia habari ya Igoki. Alimwambia habari ya kopo. Kaburu alisema watu wa bure wataliandika shamba lote kwa jina langu, nami nitaolewa kwingine na Mama atahamishwa nyumbani kwake akiwa mzee. Baadaye Mama akaona kwamba mtu anayeficha karatasi ya ndugu yake aliyekufa anaweza kuficha na mama yake. Hayo ndiyo maneno yake.

Hakimu alimwamuru Kaburu alete karatasi hiyo kabla ya siku ya uamuzi. Kaburu alitazama viatu vyake.

Nje kwenye ngazi nilimkuta Rwamba akipanga faili. Nilisimama mbele yake. Nikasema nilimdhania mwizi, tangu Mei.

"Nilijua," akasema. "Uliacha kunywa chai."

Nikamwuliza kama alishajua kuwa ni Mama. Akasema alihisi siku ile niliyomtajia waliojua kopo lilipo, lakini hakuwa na ushahidi, na kama angeniambia, mimi ningemchagua Mama na kuiacha kesi. Ni kweli. Ningefanya hivyo hivyo.

Alhamisi, 10 Julai

Hatukuongea.

Jumatatu, 14 Julai

Tumeanza kuchimba viazi. Vya juu ni vikubwa. Mifereji minne ya chini haina kitu, ni uvundo mtupu.

Mama alikuja na kiti chake kidogo akakaa ukingoni mwa shamba, akaanza kutenga vilivyokatwa na jembe. Tulifanya kazi mpaka saa sita bila neno. Mimi nilikuwa nimekusanya maneno ya siku tano. Nilitaka kumwuliza kuhusu kila jioni: chai, vicheko vyetu, ile ya watu wa Embu hatuwajui. Nilipofungua mdomo ni yeye aliyetangulia.

"Ulikuwa unanieleza kila kitu," akasema. "Siku zote nilingoja useme mimi nitakaa wapi. Hukusema hata siku moja."

Nikamwambia ilikuwa wazi. Akasema kwake haikuwa wazi.

Jioni nimefungua daftari hili tangu mwanzo. Nimeandika shamba langu, mipaka yangu, karatasi yangu. Nyumba ya Mama nimeitaja mara moja, nilipokuwa naeleza jinsi Mzee alivyogawanya. Nilikuwa namchunguza kila mtu aliyekuja na kalamu. Mtu aliyekula nami, sikumwuliza anaogopa nini.

Sijamsamehe. Naandika hivyo ili nisijidanganye. Lakini nimempelekea uji.

Jumatano, 23 Julai

Uamuzi. Kaburu alileta karatasi, imekunjwa vipande vinane. Hakimu amekataa mgao wake. Nyumba ya Mutwiri inaingia katika orodha ya warithi, mimi na Karambu kwa majina yetu. Kaburu hatasimamia mirathi peke yake tena. Mama na mimi tumewekwa pamoja naye. Mgao mpya uletwe baada ya miezi mitatu. Kwa hiyo haijaisha. Kaburu alipita mbele yangu akitoka, akasema kwa sauti ndogo kwamba tutaonana nyumbani. Sikujua kama ni salamu.

Jumatano, 30 Julai

Asubuhi Mama alikuja kwangu amevaa kitambaa chake cha kanisani. Akaniambia nimpeleke kwa yule msichana.

Tulishuka polepole, ameshika mkono wangu na fimbo yake. Rwamba alitupatia viti viwili. Mama akasema anataka faili yake mwenyewe. Nikaanza kueleza kwamba sasa sisi ni kitu kimoja, faili yangu inatosha, na Bwana Murungi anaijua kesi. Rwamba akatikisa kichwa. Alisema Bwana Murungi ni wangu, na haki za mjane wa Mzee si lazima zifanane na zangu. Mama atatafutiwa wakili mwingine, naye pia hatalipa. Na mazungumzo ya leo ni ya Mama peke yake.

Nikasema Mama hajui Kiswahili vizuri, nitabaki nitafsiri.

"Tutaelewana na Kiembu changu," Rwamba akasema.

Nikamtazama Mama. Nilikuwa na hakika atasema nibaki.

"Wewe kaa nje," akasema.

Nilitoka, mlango ukafungwa nyuma yangu. Kuna benchi hapo chini ya dirisha. Nilikaa. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa la kanisa. Sauti ya Mama ilianza chini, kisha ikapanda, haraka, kama mtu aliyengoja muda mrefu. Maneno sikuyapata vizuri. Nilisikia jina langu mara moja. Kidogo baadaye nikalisikia tena.

Nikainuka, nikavuka ua wa kanisa, nikaenda kukaa kule kwenye tangi la maji, ambako hakuna kinachosikika.